Vibao Vinne Chini ya Meza

14 Januari

Mdogo wangu kitindamimba,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi wazima kwa ujumla. Mama bado yuko kwa kaka na magoti yake yanalia akisimama, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote: anamwendesha mke wa kaka mchakamchaka tangu asubuhi. Kaka amepaka mlango rangi ya buluu, Mama anasema sasa watu wataanza kuingia wakidhani ni zahanati. Shemeji yako anakohoa na dawa hataki, eti chungu. Mtu mzima yule.

Sasa jambo lenyewe. Nimefukuzwa kazi, ila kwa maneno ya adabu.

Nilikuambia kuhusu msimamizi mpya wa karakana, yule tuliyembatiza Kidevu kwa sababu kidevu chake kinaingia mlangoni kabla yake. Jumatatu mchana, cherehani zimezimwa, watu wote wanakula, akanisimamisha katikati ya karakana. Akasema, "Mama, umechoka. Kazi ya mkasi inataka watu wenye nguvu. Nimekuletea mtu, mfunze mpaka mwisho wa mwezi wa nne, halafu uende ukapumzike." Akanipigapiga begani kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Hakuna aliyetafuna.

Ushahidi wake ni turubai moja la lori nililolikata fupi mwezi wa Desemba. Moja! Miaka ishirini na minane nimekata maturubai na mahema, hesabu mwenyewe. Na nani aliyeliziba dirisha langu kwa kabati la mafaili? Yeye. Nani aliyefuta mapumziko ya saa nne, akasema anayetaka chai anywe kwake? Yeye. Unamzibia mtu mwanga, unamnyima dakika kumi za kunyoosha mgongo, halafu unamwambia amechoka.

Nilirudi mezani nikaendelea kukata. Lakini nakuapia, mdogo wangu, mtu yule atakuja mlangoni kwangu. Atakaa kwenye kile kiti chetu kinachoyumba, ataniomba nirudi, na nitamwacha aombe mpaka koo limkauke. Njia yake bado sijaijua. Nitaipata.

Wasalimie wanangu na mume wako. Niandikie, hata kwa huo mwandiko wako.

Dada yako, mwenye afya njema na hasira nyingi.


9 Februari

Dada,

Shikamoo. Huku hatujambo. Wanao wanakusalimu mama yao mkubwa. Yule binti ameanza kazi ya duka, anauza viatu, miguu ya watu imemchosha tayari. Mimi bado naita wagonjwa majina pale zahanati. Kazi ya koo, haitaki vidole.

Usinicheke mwandiko. Daktari wetu ameniamuru niandike kwa mkono wa kushoto ukurasa mmoja kila wiki, ndiyo maana nakataa simu zako. Siku hizi herufi zinakaa kwenye mstari. Wa kulia ni ule ule. Leo asubuhi umeangusha kikombe kingine, na mume wangu amesema sasa atanunua vya bati, tuishi kama jela.

Karakana ile ilinimaliza mkono nikiwa na miaka ishirini na tisa. Miaka sita nilisimama meza ya jirani na yako, na siku ninaondoka hakuna aliyenipa hata pole, ila wewe. Wewe ulinibebea mkoba mpaka kituoni. Sijasahau.

Kwa hiyo usiniulize niko upande gani. Mtu akone cha mtema kuni. Huyo mgeni simjui wala simwonei huruma. Mimi nani alinihurumia? Mfunze nusu, Dada. Nusu nyingine rudi nayo nyumbani. Wakikwama wenyewe watakukumbuka.

Mwambie shemeji anywe dawa. Mwambie nimesema mimi.

Mdogo wako, anayeandika kwa jasho.


23 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na hongera kwa mwandiko. Safari hii nimesoma yote isipokuwa neno moja, nadhani ni "akione". Mama hajambo. Amegombana na mke wa kaka kuhusu mfuniko wa sufuria, wamepatana, wamegombana tena kuhusu nani aliyeanza kupatana. Shemeji nimemwambia. Amecheka akakohoa.

Umeniambia nimfunze nusu. Ungekuwa hapa ungevunjika mbavu.

Mgeni mwenyewe ni mwembamba, ana miaka thelathini hivi, anakata kama anakimbizwa. Tumemwita Haraka. Ana watoto wawili na mume ambaye kazi yake ni kutafuta kazi. Mtu wa heshima, ananiita mama, ananiletea maji ya kunywa bila kutumwa. Nimemfunza kupima, kuchora kwa chaki, kuacha vidole viwili vya pindo, kulitandika turubai lisivute upande. Mistari yake imenyooka. Kidevu anapita, anatazama, anatabasamu. Atabasamu tu.

Sikiliza sasa nisichomfunza.

Zile meza za kukatia ni fupi, wewe unajua. Aliyeziunda alidhani tutakata tumekaa. Ukiinama siku nzima mgongo unakwenda, na kifundo cha mkono kinapinda, nacho kinakwenda. Mimi nina vibao vinne vya mti mgumu, unene wa vidole vinne kila kimoja. Nilikuwa nawahi nusu saa kabla hamjafika, nainua meza pembe moja moja kwa bega, naviingiza chini ya miguu yake. Jioni mkishaondoka navitoa natia mkobani. Turubai linaning'inia mpaka sakafuni, nani ataona? Mlikuwa mnasema nasimama wima kwa majivuno.

Halafu mkasi wenyewe. Haraka anaunyanyua. Mkasi wa turubai haunyanyuliwi: upande wake wa chini unalazwa mezani, unateleza, na nguvu inatoka begani. Anayeunyanyua anakata kwa kidole gumba, na kidole gumba hakina nguvu hiyo. Skrubu yake inalegezwa robo mzunguko na kupewa tone la mafuta kila asubuhi. Tundu la kidole linazungushiwa kitambaa laini. Jora likiisha unashika chaki kwa mkono wa kushoto, wa kulia unauning'iniza tu mpaka damu irudi. Na kidole kikianza ganzi, unakipumzisha siku hiyo hiyo, hungoji kesho, kwa sababu ganzi ikishikwa mapema inarudi ilikotoka.

Yote hayo alinionyesha yule fundi mzee aliyekuwa akichechemea, wiki moja kabla hajastaafu, mimi nikiwa na mwaka wangu wa pili. Aliniambia haya ndiyo yatakayoniweka kazini mpaka mvi. Yameniweka kweli. Mtu mwingine anayeyajua pale ndani hayupo.

Haraka simwambii hata moja. Vibao nimeshavileta nyumbani, viko chini ya kitanda. Nampa miezi mitatu. Mkono utamvimba, maturubai yatalala bila kukatwa, wenye malori watamkalia Kidevu kooni, na Kidevu atauliza njia ya kwangu.

Nijibu upesi nijue umecheka.

Dada yako.


11 Mei

Mdogo wangu,

Umenyamaza wiki saba. Nimemuuliza mwenye sanduku la barua mpaka ameanza kunikimbia. Kama mnaumwa, sema. Kama karatasi zimeisha, nitatuma.

Sisi wazima. Mama amepata fimbo mpya, sasa anaelekeza nayo badala ya kutembelea. Kaka ana kazi nyingi.

Mimi nimeondoka karakana tarehe thelathini Aprili. Walinipa saa ya ukutani. Mtu unamnyang'anya kazi halafu unampa saa, ajue ni muda gani hana la kufanya. Kidevu alitoa hotuba, akasema mimi ni hazina. Nilimtazama kidevu chake muda wote.

Nikuambie ukweli, siku za mwanzo zilikuwa mbaya. Nimepanga vyombo, nimevipangua, nimevipanga tena. Shemeji yako ameniomba nitoke nje kidogo. Mkono wangu mzima, mdogo wangu. Unaamka umejaa nguvu na hauna pa kwenda. Nikipita mahali wanapokata kitu chochote, hata kadibodi, nasimama kuangalia kama mwendawazimu.

Lakini ninayo dawa yangu. Bawabu wa karakana anapita hapa jioni, ananipa habari. Haraka ameanza kujisugua kifundo cha mkono. Wiki iliyopita amekifunga bandeji. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka shemeji yako akaja kuniangalia.

Andika. Ushindi wa mtu mmoja hauna ladha.

Dada yako.


4 Juni

Dada,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo, Mama na fimbo yake, kaka na mlango wake, shemeji na kikohozi. Huku hatujambo. Kuna mafua, zahanati imejaa, nimeita majina mpaka sauti imekwaruza. Pole kwa kuondoka kazini.

Barua yako ya Machi ilifika salama, tarehe tatu Aprili. Sikuumwa, na karatasi zipo.

Nina swali moja, naomba ulijibu hilo tu. Vile vibao ulianza kuviweka lini?

Nauliza kwa sababu nimehesabu. Fundi mzee alikuonyesha mwaka wako wa pili. Mimi niliingia karakana mwaka wako wa tano. Meza yangu ilikuwa fupi, Dada. Nilikuwa nainama mpaka jioni nashindwa kunyooka, na wewe ndiye uliyekuwa ukinikanda mgongo kwa maji ya moto. Mwaka wangu wa tano kidole gumba kikaanza kufa ganzi. Nilikuonyesha wewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Ulikishika, ukakigeuza huku na huku, ukaniambia, "Una mkono mlaini, umerithi wa Mama, kazi hii hukuumbiwa." Nikaendelea kukata mwaka mzima na mkono huo.

Nilikuamini. Miaka kumi na saba nimeamini nilizaliwa na mkono mbovu. Niliposhindwa kumfunga mtoto nepi nilijilaumu mwenyewe. Binti yangu alitaka kusomea ushonaji, nikamkataza, nikamwambia sisi mikono yetu haivumilii. Ndiyo maana anauza viatu.

Labda nimesoma vibaya. Labda ulitaka kuandika mwaka wako wa kumi na mbili, mimi nikiwa nimeshaondoka. Nijibu tu.

Mdogo wako.


27 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba, marahaba sana. Nimefurahi kupata barua yako, nimeisoma yote, mwandiko sasa umekuwa mzuri kuliko wangu. Poleni na mafua, chemsheni maji. Habari ya furaha ni kwamba shemeji yako amekubali dawa. Amekunywa chupa nzima, kikohozi kimepungua, sasa anakoroma. Mama anasema magoti yametulia tangu mvua ziishe. Kaka amepaka na madirisha buluu, hakuna wa kumzuia. Jirani yetu wa kushoto amehama, nyumba imebaki na paka wake, anakuja kukaa kwangu kana kwamba nimemwita.

Kuhusu lile swali lako, mambo ya miaka ile nani anayakumbuka? Nilikuwa na mengi kichwani. Ulikuwa mdogo, ulikuwa na kasi, kila mtu alikuwa anaangalia yake. Tuyaache hayo, tusije tukaharibu mazuri yaliyopo. Binti bado kijana, akitaka kushona atashona.

Mazuri yenyewe ni haya. Haraka hakuja kazini siku mbili mfululizo. Mkono umevimba mpaka haupiti kwenye mkono wa gauni. Siku ya tatu alikuja, akakata nusu ya kawaida. Kuna maturubai kumi na manane yamelala. Mwenye malori alikuja mwenyewe, akapiga kelele getini watu wote wakasikia. Na Jumanne, sikiliza, Kidevu alimwendea bawabu akamuuliza nakaa mtaa gani!

Nimefagia uwanja. Nimekitandikia kitambaa kile kiti kinachoyumba. Nimeshapanga maneno: kwanza nitamwambia nimechoka. Nitalitamka polepole, kama alivyolitamka yeye. Halafu ataomba, nami nitauliza dirisha, nitauliza mapumziko ya saa nne, nitaomba aniambie mbele ya wote kwamba alikosea. Halafu nitarudi. Nataka kurudi, mdogo wangu, sitakuficha. Naota sauti ya mkasi.

Mbona hujanipongeza? Sote wawili tunawalipa wale watu, mimi kwa ajili yangu na kwa ajili ya mkono wako pia. Nipe neno zuri.

Dada yako anayekupenda.


30 Julai

Dada,

Leo sina salamu za watu. Nina zangu tu.

Nilingoja jibu lako siku ishirini na tatu, nikapata habari za paka. Basi nikaomba ruhusa ya siku mbili, nikafunga safari kuja huko kwenu. Nililala nyumba ya wageni. Asubuhi nilipita mbele ya nyumba yako. Uwanja ulikuwa umefagiwa. Dirisha lilikuwa wazi, nikakusikia unamgombeza shemeji kwa ajili ya sukari. Sikubisha hodi.

Nilikwenda karakana. Bawabu hakunitambua. Haraka alikuwa mezani, amejifunga bandeji mpaka karibu na kiwiko, anakata, kwa sababu ameambiwa akikosa siku nyingine moja asirudi. Nilimwomba anipe mkono. Nikaugeuza. Uvimbe umekaa palepale ulipokaa wangu, kidole ni kile kile. Nilidhani nitamwangalia kama mgeni. Nilishindwa.

Nikatafuta vipande vinne vya mbao kwenye mabaki, nikawaomba wanaume wawili wainue meza. Halafu nikatoa barua yako ya Machi nikaisoma. Unajua sauti yangu ilivyo, miaka yote hii naita majina mpaka nje ya lango. Cherehani zilizimwa moja baada ya nyingine. Nilisoma yote, meza, mkasi, skrubu, kitambaa, na pale uliposema nampa miezi mitatu. Mshonaji mnene wa cherehani ya tatu, yule uliyekuwa ukila naye sahani moja, alijifunika uso kwa kitenge.

Haraka hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu. "Kwa hiyo aliniona naumia?"

Nikamwambia, "Alikuwa anangoja uumie zaidi."

Na nikamwambia pia kwamba mimi ndiye niliyekuandikia umfunze nusu. Nilisema mbele ya watu hao hao. Sikutaka kutoka pale nikiwa malaika.

Kidevu alikuwa amesimama mlangoni. Nilimgeukia nikamweleza kuhusu dirisha na kuhusu saa nne, kwa sauti ile ile. Nikamwambia waliochoka hapa ni wale aliowachosha yeye. Aliwaita watu wakaliondoa kabati. Chai imerudi.

Sasa hili nalo ulijue. Kidevu alikuwa anakuja kwako kweli. Aliniambia alitaka urudi, si kukata, bali kukaa na kuwafunza wakataji wote, na mkataji mwingine ataajiriwa. Alikuwa ameshapata kibali. Baada ya kusikia barua alisema, "Mtu wa kufunza nusu simwezi." Akaniuliza mimi najua kiasi gani. Nikamjibu najua yote, dada yangu ameniandikia.

Kazi amenipa mimi. Kufundisha hakutaki mkono wa kulia. Naanza tarehe moja Septemba, mume wangu amekubali, tutapanga mtaa wa nyuma ya karakana. Sitakudanganya kwamba nilikwenda kwa huruma ya Haraka. Nilikwenda kukuumiza. Huruma niliikuta nimeshafika.

Usije kunisalimia. Kidevu naye haji tena, kwa hiyo kitambaa cha kiti unaweza kukitoa.

Mdogo wako.


3 Septemba

Mdogo wangu,

Mama hajui, kaka hajui. Shemeji yako anajua kwa sababu ameniona sili.

Mwaka wangu wa pili. Hilo ndilo jibu. Ulipoingia karakana vibao vilikuwa tayari chini ya meza yangu.

Nilitaka kukuonyesha. Usiamini kama hutaki, lakini wiki yako ya kwanza nilikuchongea vibao vinne vyako, nikaja navyo kazini. Ulikuwa unajifunza kwa kasi ya ajabu. Siku ile ile fundi mkuu wa wakati ule akasimama kati ya meza zetu, akapima kazi yako, akapima yangu, akasema kwa sauti, "Huyu mdogo mpeni mwaka mmoja, atamfundisha dada yake." Watu wakacheka. Na wewe ukacheka. Mimi ndiye niliyekuombea kazi ile, nilimbembeleza fundi mkuu miezi miwili. Nilirudi nyumbani na vibao vyako mkobani, nikavitia motoni, nikachemshia maji ya kuoga. Ukaoga.

Nilidhani utapunguza mwendo tu. Sikudhani mkono utakufa. Halafu nikaanza kuona. Nilikuona unashika kikombe kwa mikono miwili. Nilikuona unafungua mlango wa stoo kwa kiwiko. Uliponiletea kile kidole bado ilikuwa mapema, na mimi nilijua ni mapema, nilikuwa nimeambiwa. Nikakutajia Mama. Niliendelea kunyamaza mwaka mzima kwa sababu kazi yako ilikuwa imeanza kuharibika na watu walikuwa wameanza tena kuisifu yangu. Ulipoondoka nilikubebea mkoba ili nihakikishe umepanda gari.

Aliyenidharau alikuwa fundi mkuu, nikakupiga wewe. Kidevu akanidharau, nikampiga Haraka, mtu aliyekuwa akiniletea maji. Wale wanaume wawili sikuwagusa hata ukucha. Nimekaa na jambo hili mwezi mzima na sioni namna ya kuliandika likawa dogo.

Nina hasira na wewe, nisikufiche. Ulipita dirishani kwangu ukanisikia na ukaenda zako. Kiti kile cha kufundisha kilikuwa changu na umekikalia. Nikiamka asubuhi nakuchukia kabla sijakumbuka kwa nini, halafu nakumbuka, nabaki sina wa kumchukia. Msamaha siombi. Ningeuomba ungenipa, Mama angetulazimisha, na wewe ungebaki na mkono ule ule.

Mwambie binti yako mikono yake haina kasoro. Mwambie leo.

Barua hii sikuitia kwenye sanduku. Nimeileta mwenyewe mpaka getini, sasa hivi naimalizia nimeegemea ukuta kwa nje. Nakusikia kutoka huku, unawaambia walaze mkasi. Kuna mtu anacheka huko ndani, nadhani ni Haraka. Namwachia bawabu, naondoka kabla ya chai yenu ya saa nne.

Ukiisoma mbele ya watu, isome yote. Usiruke pale pa moto.

Dada yako.